Tiba Ikikuumiza, Nani Analipa?

Makamanda, tukipiga kelele za bima ya afya huwa tunaishia kwenye kadi na dawa. Kuna bima nyingine hatuigusi kabisa: ile inayomlinda daktari akishtakiwa kwa kosa la tiba.

Ukiumwa Katoro au Mwakitolyo, wa kwanza kukupokea mara nyingi ni tabibu au nesi wa zahanati, siyo bingwa. Huyo huyo anazalisha, anachoma sindano, anamshona mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe duarani. Akikosea je?

Zahanati ikiwa ya serikali, sheria inakutaka utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi uipeleke Mahakama Kuu. Mahakama Kuu haipo Nyang'hwale wala Mbogwe. Mama aliyepoteza mtoto kwa uzembe wa leba atatoa wapi nauli, wakili, na daktari wa kumtolea ushahidi dhidi ya daktari mwenzake? Haki yake inafia hapo, jalada halijafunguliwa.

Ya binafsi je? Mwenye nayo akikata bima, ada yake utaikuta kwenye bili yako. Asipokata, ukamshinda, utakamata nini? Kitanda na mzani?

Wapo wanaosema kila daktari alazimishwe kukata bima, basi. Sikubali. England waliwaachia madaktari wa familia wajilipie wenyewe, gharama zikapanda mpaka serikali ikaubeba mzigo kuanzia Aprili 1, 2019. Kama wale walilemewa, sembuse tabibu wa Rwamagasa na mshahara wake!

Njia tunayo hapa hapa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unamlipa aliyeumia kazini bila kumdai athibitishe uzembe wa mwajiri. New Zealand wana mfuko wa aina hiyo tangu 1974, na unawafikia hata walioumizwa na tiba. Mzembe ashughulikiwe na baraza lake la taaluma, lakini fidia ya mgonjwa isisubiri ugomvi huo uishe.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imetungwa kulipia matibabu, siyo kumfidia aliyeharibiwa nayo. Mfuko wa fidia kwa wagonjwa uingie kwenye ilani yetu. Na madiwani wa Geita, ambao halmashauri zao zinapokea ushuru wa huduma kutoka mgodi wa GGM, tuwaulize kwenye vikao vya wazi: wako tayari kuuchangia shilingi ngapi?