Wanafunzi wetu waogopa mimba kuliko Ukimwi

Ukimuuliza mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa ahofia nini baada ya kulala na mtu bila kinga, jibu huwa mimba. Ukimwi huutaja mwisho, ama hautaji kabisa. Nimelisikia jibu hili mara nyingi, kwa wasichana na wavulana, na naona ndilo linaloeleza kwa nini kondomu inawekwa kando.

Hofu hii imehama kwa sababu. Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wengi wa wanafunzi hawa walikuwa hawajazaliwa. Hawakuona mazishi ya wakati ule. Wamekua wakiona watu wakimeza ARV na kuendelea na shughuli zao. Hilo ni la kushukuru, lakini wapo wanaosahau kwamba dawa hizo ni za maisha yote.

Mimba nayo imepatiwa P2 katika duka la dawa. Wapenzi hutumia kondomu siku za mwanzo, kisha mmoja husema, "Kwani huniamini?" Basi kondomu huonekana ni matusi, na P2 ikachukua nafasi yake. Kondomu ikitumiwa sawasawa hukinga mimba na virusi pia. P2 haizuii virusi kamwe.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni hili. P2 humezwa ndani ya saa 72. Ndani ya saa hizo hizo 72, aliyejiweka hatarini aweza kwenda hospitali kuanzishiwa PEP, dawa za kuzuia maambukizi zinazomezwa kwa siku 28. Kadiri anavyowahi ndivyo bora. P2 wanaijua wote niliozungumza nao. PEP, wengi hawajapata kuisikia.

Masheikh, wachungaji na wazazi watasema kinga ni kujizuia. Ni kweli, na wasichoke kusema. Lakini nasaha hiyo haimfai aliyekwisha kuteleza jana usiku. Vyuo viweke kondomu mahali ambapo mwanafunzi ataichukua bila kutazamwa, na wanafunzi wapya waelezwe habari za PEP na kupimwa tangu wiki ya kwanza, kama wanavyoelezwa habari za karo na mitihani.

Nawe mzazi mwenye mtoto chuoni, akirudi likizo muulize kama aijua PEP. Asipoijua, mwambie.