Baba wa Watoto Watano



Hapa Nkoma, ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha nne wanataka kuwa watu gani baadaye, wengi hujibu bila kusita: daktari. Ukiwauliza sababu, mmoja atasema ni kazi ya heshima, mwingine atataja nyumba nzuri na motokaa. Siwalaumu, kwa maana kila mtu hutamani kutoka katika shida. Lakini naona yafaa, kabla ya kuichagua kazi hiyo, tumjue mwananchi mmoja wa Uganda aliyeifanya mpaka mwisho. Mtu huyo ni Dakta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na Gulu, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43.

Nimemchagua yeye kwa sababu habari zake hutuletea ubishi kila tunapozizungumza. Daktari huyu alikuwa na mke na watoto watano. Je, ilikuwa haki baba wa watoto watano kujitia katika hatari ya maradhi yasiyo na dawa? Wako wenzangu wasemao kwamba alikuwa mwema kwa watu wote isipokuwa kwa watu wa nyumba yake. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tutazame alikotoka. Alizaliwa Kitgum mwaka 1957. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki, naye alikufa maji mtoto akiwa na miaka 12 tu. Mama yake alikuwa akifanya biashara ndogo ndogo ili watoto wale na wasome. Basi, tusidhani kwamba Lukwiya hakujua maana ya mtoto kuachwa bila baba. Aliijua kuliko wengi wetu tunaobishana juu yake.

Alisoma kwa bidii mpaka akafika Makerere, na mwaka 1983 akaenda Lacor kujifunza kazi. Hospitali ile ilikuwa chini ya Dakta Piero Corti, Mwitaliani, na mkewe Dakta Lucille Teasdale, Mkanada, waliokuwa wamefika huko mwaka 1961. Kijana huyu akapendwa, akapewa madaraka. Vita vilikuwa vimeanza kule kaskazini. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walikuja hospitalini kuwachukua masista. Lukwiya akajitoa achukuliwe yeye badala yao, akatembezwa msituni kwa muda wa juma moja, kisha akaachiwa. Baada ya hayo kiwanja cha hospitali kikawa mahali pa kukimbilia, na maelfu ya watu wakalala humo usiku kwa kuogopa waasi.

Mwaka 1990 alipata nafasi ya kusoma Liverpool, Uingereza, elimu ya maradhi ya watoto wa nchi za joto. Alifaulu vizuri sana hata wakataka abaki awe mwalimu. Hakubaki. Hapa ningependa tusimame kidogo. Kama alikuwa mtu wa kutafuta hatari tu, au mtu asiyejali maisha ya watoto wake, tungeliona jambo hilo siku hizo. Lakini mwaka 1998 alihamia Kampala pamoja na mkewe na watoto ili asome tena Makerere, elimu ya afya ya watu wote. Alikuwa mtu wa kukaa na nyumba yake, apangaye mambo yake kwa utaratibu.

Ndipo, mapema mwezi wa Oktoba mwaka 2000, simu ikatoka Lacor. Wauguzi wanafunzi walikuwa wakifa kwa maradhi wasiyoyajua. Lukwiya alikuwa masomoni, wala hakuna mtu ambaye angemlaumu kwa kubaki Kampala. Akaenda. Alipofika alipitia karatasi za wagonjwa, akatambua kwamba dalili zao zilifanana na za Ebola. Hakungoja. Akawaarifu wakuu wa Wizara ya Afya, akatenga wadi ya peke yake kwa wagonjwa hao, akapanga nani aingie na avae nini, akifuata maagizo ya Shirika la Afya Duniani. Katikati ya mwezi huo maabara ya Afrika Kusini ilithibitisha kwamba ndiyo Ebola hasa, na wakati huo wadi ilikuwa tayari inafanya kazi.

Sasa narudi kwenye ubishi wetu. Wasemao kwamba aliwaacha watoto wake wanasahau jambo moja. Maradhi hayakai mahali pamoja. Barabara itokayo Gulu yafika Kampala, na mabasi hupita kila siku. Katika miezi ile Ebola ilitoka Gulu ikafika Masindi na hata Mbarara. Wagonjwa 425 walihesabiwa, na 224 kati yao walikufa, mpaka maradhi yalipotangazwa kuwa yamekwisha mwezi wa Februari 2001. Kama asingalikuwapo mtu wa kuyatambua mapema na kuyafungia mlango, nani ajuaye yangalifika wapi? Watoto watano walikuwa Kampala. Baba yao alipokuwa akilinda watoto wa watu wasiomjua, alikuwa akilinda na wake. Naona mtu aweza kuutetea mlango wa nyumba yake akiwa mbali nao sana.

Nasema hivi si kwa kupunguza uchungu wao. Mwezi wa Novemba wauguzi kadhaa walikufa, na wafanyakazi waliobaki wakataka kuiacha kazi. Dakta Lukwiya aliwakusanya, akazungumza nao kwa saa nyingi, na kazi ikaendelea. Usiku mmoja wa mwezi huo aliitwa ghafula kumsaidia muuguzi mmoja aliyekuwa mahututi, akitokwa na damu. Alivaa joho, glavu na barakoa, lakini macho yake hayakufunikwa. Yasemekana ndipo alipoambukizwa. Baada ya siku chache akapatwa na homa, akalazwa katika wadi ile ile aliyoitengeneza mwenyewe. Mkewe alikuja kutoka Kampala, lakini ilimbidi avae mavazi ya kinga ndipo amkaribie mumewe. Alizikwa siku ile ile aliyokufa, kwa kanuni zile zile alizozisimamia, karibu na kaburi la Dakta Lucille. Mama mmoja akabaki mjane, na watoto watano wakawa yatima kama alivyokuwa baba yao. Sifa hazilishi watoto, wala jina kubwa halimshiki mtoto mkono njiani kwenda shule. Anayesema kwamba nyumba ile ililipa deni kubwa asema kweli.

Lakini swali langu ni hili: deni hilo ni la nani? Wenzangu humdai marehemu. Mimi nadhani yatupasa tujidai sisi. Sisi ndio tuliopona. Kama mtu mmoja aliyechoka aliitwa usiku, baada ya majuma mengi ya kazi na mazishi, na kitu kimoja kidogo kikakosekana usoni pake, basi funzo si kwamba baba wa watoto asiwe daktari. Funzo ni kwamba anayetutumikia asiachwe achoke peke yake, wala asikose glavu, miwani na mwenzake wa kumwangalia anapovaa. Ushujaa ni kitu kizuri, lakini nchi inayotegemea ushujaa peke yake itawamaliza mashujaa wake.

Na mambo haya si ya Gulu tu. Mwezi wa Januari mwaka 2025, muuguzi mmoja wa Mulago aliugua, akatafuta matibabu mahali mbalimbali, pamoja na hospitali yetu kubwa ya hapa Mbale, kisha akafariki Kampala. Ikagunduliwa kuwa ni Ebola ya aina ile ile ya Sudan iliyokuwa Gulu mwaka 2000, ambayo ilikuwa haijapata chanjo iliyothibitishwa. Hapo ndipo watu wa mji huu walipoona kwamba gari moja laweza kuleta mambo ya mbali mpaka chini ya mlima wetu wa Wanale. Walioguswa na mgonjwa walitafutwa, wakaangaliwa siku kwa siku, na tarehe 26 Aprili ikatangazwa kwamba maradhi yamekwisha. Wagonjwa hawakuzidi 14. Kazi hiyo ya kutafuta, kutenga na kuangalia ndiyo aliyoifanya Lukwiya miaka 25 nyuma, alipokuwa na watu wachache na vyombo haba.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwenu wanafunzi wenzangu. Anayetaka udaktari aanze sasa kujizoeza mambo madogo: kunawa mikono ipasavyo, kuandika sawasawa alichokiona, kufuata kanuni hata kama mwalimu hayupo. Lukwiya aliyatambua maradhi kwa kusoma karatasi za wagonjwa kwa uangalifu, na kazi hiyo haina tarumbeta.

La pili ni kwenu mliotutangulia, mliokwisha kuondoka shuleni. Wengine wenu ni madaktari na wauguzi, wengine mnashika hesabu za serikali na funguo za ghala. Mwenye ghala anayehakikisha glavu zimefika zahanati ya kijijini anaweza kumrudishia mtoto baba yake jioni, ingawa mtoto huyo hatalijua jina lake kamwe. Na kama katika mtaa wako iko familia iliyopotewa na mtumishi wa namna hii, usingoje siku ya kumbukumbu. Waulize karo ya shule imelipwa au bado.

Wazee walisema wema hauozi. Ni kweli, lakini aliyetenda wema ana mwili kama wetu. Huchoka, huambukizwa, na nyumbani anangojwa. Tukikumbuka hilo, tutakuwa tumemkumbuka Dakta Lukwiya kama alivyokuwa: daktari wa watu wengi na baba wa watoto watano, mtu mmoja.