Hesabu Kabla ya Kamba Kufunguliwa

Katika miji yetu ya pwani, karibu na milango ya misikiti na katika maduka ya ubani, misala na vitabu vya dini, huuzwa kidude kidogo cha plastiki kinachovaliwa kidoleni mfano wa pete, chenye kioo cha tarakimu tano, kitufe kikubwa cha kuongeza moja, na kingine kidogo cha kurudisha hesabu kwenye sifuri. Watu hukiita tasbihi ya kidijitali, na hukitumia kwa nyuradi zao, pale ambapo baba zao walishika uzi wenye punje 33 au 99, wakazipitisha moja baada ya moja baina ya vidole. Wako wazee wasiokipenda, nami siwalaumu, kwa kuwa mkono uliozoea uzi hauna sababu ya kuuacha kwa ajili ya betri. Lakini rai yangu leo haihusu ibada. Inahusu hekima iliyomo katika chombo hiki, ambayo imestawi misikitini ilhali mahali pengine panapoihitaji kwa dharura kubwa zaidi, hususan kwenye magati ya vivuko na boti, watu bado hukisiwa kwa macho au hawahesabiwi kabisa.

Mtu anapohesabu kimoyomoyo akili yake hubeba kazi mbili kwa pamoja, ya kutazama kinachopita na ya kukumbuka alipofikia, na hii ya pili ndiyo imponyokayo kwanza. Salamu moja, mtoto aliyelia, mpagazi aliyekatiza na gunia kichwani, vyatosha kumfanya asijue kama alikuwa katika 87 au 97, na aghalabu, badala ya kuanza upya, huchagua ile adadi iliyo karibu na matakwa yake. Kitufe humwondolea kazi hiyo ya pili. Jicho hubaki kwa kinachohesabiwa, kidole huweka kumbukumbu, na ulimi ukawa huru kuitikia salamu. Wauzaji wa boriti za mikoko tangu kale walihesabu kwa korija, ishirini ishirini, na hiyo nayo ilikuwa njia ya kumpunguzia mtu kiasi cha kukumbuka. Kilichozidi siku hizi ni kwamba kifaa hakichoki wala hakipendelei.

Ipo kazi moja ya tiba inayodhihirisha jinsi adadi ndogo inavyoweza kuamua jambo kubwa. Mtoto mwenye kikohozi anapopelekwa kwa mhudumu wa afya, mhudumu humtazama kifua akiwa ametulia, akahesabu pumzi zake kwa dakika nzima: mtoto wa tangu miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka akipumua mara 50 au zaidi, na wa tangu mwaka mmoja hadi miaka mitano akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni alama ya hatari ya nimonia. Atakayekosea kwa pumzi tano huenda akamrudisha nyumbani mgonjwa aliyestahiki dawa. Kwa mhudumu wa namna hii, saa mkono mmoja na kitufe mkono wa pili ni msaada wa kweli, kwa kuwa macho yake hayana ruhusa ya kuondoka kifuani.

Sasa nirejee gatini, ambako ndiko moyo wangu uliko. Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe kikielekea Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, watu wanarudi na bidhaa zao, na chombo kilichoruhusiwa kuchukua watu 101 kikapinduka kikiwa kimekwisha kulikaribia gati. Waliookolewa walikuwa 41. Waliokufa walizidi 220. Katika siku zile za kwanza, wakati wazamiaji wanafanya kazi na jamaa wamekaa ufukweni wakingoja, hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa yakini ni wangapi waliopanda, kwani iliripotiwa kuwa mkata tiketi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mashine iliyohifadhi hesabu ya tiketi haikuonekana. Hesabu ilizama pamoja na waliohesabiwa. Miaka saba kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na watu waliokuwamo, waliodhaniwa mwanzoni kuwa mamia, baadaye tume ya uchunguzi ilibainisha kuwa walizidi 2,000. Lau adadi hiyo ingalijulikana gatini kabla ya kamba kufunguliwa, nani angalithubutu kuzifungua?

Nitaambiwa kuwa tiketi zipo, nazo ni hesabu tosha. Tiketi ni hesabu ya fedha, na hesabu ya fedha haiwi hesabu ya roho. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni hana tiketi. Aliyeruka dakika ya mwisho hana tiketi. Na yuko aliyelipa kisha akaghairi safari. Kinachotakiwa ni mtu asimame penye daraja la kupandia, asiyeshika fedha wala asiyebeba mzigo wa mtu, abonyeze mara moja kwa kila kichwa kinachopita, awe mzee, mtoto, baharia au mchuuzi, na kifaa cha pili akitumie kwa wale wanaoteremka tena. Upande wa pili asimame mwenzake akifanya vivyo hivyo, na adadi zao zilinganishwe. Zikihitilafiana, chombo kisiondoke mpaka ijulikane sababu. Kisha adadi iliyokubaliwa iandikwe kwa chaki ubaoni, kando ya adadi ya ruhusa, mahali abiria wote wanapoweza kuisoma, na karatasi moja ibaki nchi kavu mikononi mwa msimamizi wa gati. Hili la karatasi kubaki nchi kavu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote.

Simu nazo zina programu za kuhesabia, lakini simu huita, na kioo chake humlazimisha mtu kuinamisha macho. Kitufe chenye kuhisika kidoleni hakidai kutazamwa. Ila lazima kile kitufe kidogo cha sifuri kikingwe, hata kwa kipande cha utepe, maana mguso mmoja usiokusudiwa huweza kufuta kazi ya nusu saa.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wasemao kwamba nahodha aliyeazimia kujaza atajaza, na kifaa hakina uwezo wa kumzuia mla rushwa. Hilo nalikiri kwa sehemu. Kifaa hakimpi mtu uaminifu asiokuwa nao, lakini humnyima kisingizio cha kutojua, na humpa abiria mwoga, ambaye leo hunung'unika peke yake pembeni, adadi anayoweza kuisema kwa sauti mbele ya wenziwe. Mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi maisha baharini, ujulikanao kwa jina la SOLAS, ambao asili yake ni mwaka 1914 baada ya maafa ya Titanic, unaagiza watu wote waliomo katika meli ya abiria wahesabiwe kabla ya kuondoka. Mkataba huo ni wa safari za baina ya nchi na nchi. Lakini sioni insafu yoyote katika kuwanyima watu wa Ukara na Pemba ulinzi ambao msafiri wa ng'ambo amekwisha kuupata, madhali maji ni yale yale na bei ya vifaa viwili vya kuhesabia haifikii bei ya jaketi zuri la kuokolea maisha.

Kwa hiyo nawasihi wenye dhamana ya vyombo vya majini, wa bara na wa visiwani, walifanye jambo hili kuwa sharti la kila safari, wala wasingoje msiba mwingine ndipo tume iundwe kuwahesabu waliokwisha kufa. Nawe msomaji, utakapofika gatini safari ijayo, muulize karani kwa adabu mmepanda wangapi na chombo kinaruhusiwa wangapi, na kama hana jibu, usipande.