Kumbukumbu ya Mei 1990 iwafikie wanafunzi wa Kisangani



Wanafunzi wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa juhudi za makanisa ya Kiprotestanti, wana desturi njema ya kwenda Masako, hifadhi ya msitu iliyo kwenye barabara ya zamani ya Buta, ili kuchunguza miti na wanyama mahali vinapoishi. Upo urithi mwingine wa vyuo vya Kongo usiopewa nafasi inayostahili, nao ni wa damu.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990, wiki chache baada ya Rais Mobutu kutangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, wauaji waliingia katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakawashambulia wanafunzi. Siku zilizotangulia, baadhi ya wanafunzi walikuwa wamewapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali, kosa lisilopaswa kufichwa, lakini lisiloweza kamwe kuhalalisha mauaji. Serikali ilikiri kifo kimoja tu, ilhali wengine walitaja makumi, na Ubelgiji ikasitisha misaada yake. Hesabu inayokubaliwa na wote haijapatikana, na hiyo ni dhuluma ya pili kwa wazazi wa waliouawa.

Wanafunzi wakongwe wa chuo, ambao mara nyingi huwapokea wanafunzi wapya kwa vitisho na kuwadhalilisha, wangewarithisha historia hii badala yake. Uongozi na vyama vya wanafunzi wa Kisangani waitenge siku ya 12 Mei, wawaalike walionusurika, na ushahidi wao uandikwe wakiwa bado hai.