Kabla ya Kuongeza Kidonge

 Ndugu msomaji, mazungumzo yetu ya leo yanahusu kidonge kilicho kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho kilikaribia kuitikisa nyumba ya dada yangu mkubwa. Ameniridhia niyasimulie haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina, kwa kuwa anaamini wapo dada wengine walio katika hali kama yake nao hawajui pa kuuliza.

Miaka mitatu iliyopita dada alipasuliwa rovu, na tezi yote ya shingoni ikaondolewa. Tezi hii, ambayo madaktari huiita thairoidi, hutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili: joto lake, mapigo ya moyo, usagaji wa chakula, hata wepesi wa fikra. Asiyekuwa nayo hana budi kuzipata homoni hizo kwa kidonge, kila siku ya uhai wake. Dada alipewa levothairoksini, mikrogramu 100 kwa siku, akarejea katika afya yake, alhamdulillahi.

Mwaka jana, Ramadhani ilipomalizika na Mfunguo Mosi ukapita, dalili za zamani zilianza kurudi moja baada ya nyingine. Alihisi baridi mchana wa jua kali. Nywele zikamtoka, choo kikawa kigumu, uzito ukapanda, na mara mbili akasahau chungu jikoni mpaka kikaungua. Mumewe alidhani amekuwa mvivu. Jirani mmoja akasema ni jini, na akataja mganga. Dada alikuja kwangu ofisini msikitini baada ya sala ya Alasiri, akaketi, akasema, "Mdogo wangu, mimi si mvivu. Nimechoka kiasi kwamba kuchana nywele ni kazi ya kupumzikia katikati."

Kisha akatoa kifurushi. Ndani yake mlikuwa na chupa ya vidonge alivyotumiwa na binamu yetu aishiye Marekani, ambaye naye ana maradhi ya tezi na dawa hiyo ilimfaa. Dada alikwisha kuvimeza kwa siku nne, juu ya vile vya hospitali, na sasa moyo ulikuwa ukimwenda mbio na usingizi umempaa. Lakini lililomleta kwangu lilikuwa swali jingine: je, dawa hii ni halali? Nilisoma maandishi ubavuni mwa chupa. Vidonge vile vimetengenezwa kwa tezi ya nguruwe iliyokaushwa na kusagwa.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Si tabibu, wala si mufti. Nilimsihi asimeze tena vya chupa ile, aendelee na vya hospitali, na jioni ile ile nikafuatana naye na shemeji yangu kwenda kwa daktari. Swali la halali nililipeleka kwa imamu wetu.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akampima moyo, akaagiza kipimo cha damu kiitwacho TSH. Hii ni homoni itokayo kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Mwili ukipungukiwa, TSH hupanda, mfano wa mgeni anayezidi kugonga mlango kwa nguvu pale asipoitikiwa. Kipimo cha dada kilikuwa juu. Ndugu msomaji, hapo sote tulitarajia daktari aongeze dozi. Hakuongeza. Aliuliza, "Mama, kidonge chako unakimeza vipi?"

Jibu ndilo lililofichua siri. Kabla ya Ramadhani dada alikimeza alfajiri kwa maji matupu. Ramadhani ilipoingia alikihamishia kwenye futari, pamoja na uji na maziwa. Baada ya Idi akakiacha kwenye chai ya maziwa ya asubuhi, na papo hapo akimeza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Chakula hupunguza kiasi cha levothairoksini kinachoingia mwilini, nayo madini ya chuma na kalsiamu huishika dawa hii tumboni ikapita bila kufyonzwa. Kwa hiyo dada alikuwa akimeza mikrogramu 100, lakini mwili wake ukipokea pungufu ya hizo.

Kanuni aliyotupa daktari ni nyepesi kuihifadhi. Levothairoksini imezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula wala kunywa kingine chochote, na hata kahawa isubiri. Au imezwe wakati wa kulala, ikiwa zimepita angalau saa tatu tangu chakula cha mwisho. Vidonge vya chuma, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nayo kwa saa nne. Katika Ramadhani, mgonjwa aamke mapema ameze kabla ya daku, au asubiri tumbo litulie usiku baada ya futari. Na daktari aambiwe kila dawa mpya inayoongezwa: rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vyaweza kuongeza mahitaji ya homoni hii.

Jambo la pili alilotufunza ni subira yenye hesabu. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu. Huchukua takriban siku saba kupungua nusu yake. Ndiyo sababu dalili za dada hazikuja Ramadhani yenyewe, bali zilichelewa. Ndiyo sababu pia badiliko lolote la dozi, au la namna ya kumeza, hupimwa baada ya wiki sita hadi nane, si baada ya siku tatu. Anayebadilisha kila wiki hajui kilichomponya wala kilichomdhuru.

Wiki nane zikapita. TSH ikashuka mpaka kiwango chake. Nywele zikaacha kutoka, choo kikawa chepesi, na baridi ikaondoka. Hata hivyo uzito wa fikra haukuisha, wala uchovu wa alasiri. Daktari hakumwambia kwamba kipimo ni kizuri hivyo hana ugonjwa. Alichunguza mambo mengine yanayoleta dalili kama hizo: upungufu wa damu, sukari, vitamini, usingizi, na huzuni ya moyo. Alipoyamaliza, ndipo alipozungumzia dawa mbili kwa pamoja.

Tezi yenye afya hutoa homoni za aina mbili. T4 ndiyo nyingi, na levothairoksini ni mfano wake. T3 ni chache lakini ina nguvu zaidi, na sehemu yake kubwa hutengenezwa nje ya tezi, pale ini na viungo vingine vinapoibadilisha T4. Kwa wagonjwa walio wengi, T4 peke yake inatosha, na majaribio ya kitabibu kwa jumla hayakuonyesha kwamba kuongeza T3 ni bora kwa kila mtu. Lakini wapo wanaobaki na dalili ingawa kipimo kimetulia. Mwongozo wa madaktari wa tezi wa Ulaya wa mwaka 2012 uliruhusu hao wajaribiwe kwa uangalizi, T4 ikiwa kati ya sehemu 13 na 20 kwa sehemu moja ya T3, na jaribio lisitishwe iwapo miezi mitatu itapita bila nafuu.

Daktari alishusha T4 ya dada hadi mikrogramu 75, akaongeza T3, iitwayo liothaironini, mikrogramu 5 kila asubuhi. Wiki za mwanzo zilikuwa njema. Kisha dalili zikarudi kwa sura nyingine: kabla ya adhuhuri moyo ulimdunda, na ikifika alasiri uchovu ukamwangukia kama zamani. Dada alitaka aongezewe. Daktari akamweleza kwamba T3 si kama T4. Hupanda katika damu ndani ya saa chache na hupungua upesi. Akakigawa kidonge kile kile: nusu asubuhi, nusu alasiri. Hakuna hata mikrogramu moja iliyoongezwa, ila mgawanyo tu. Mapigo yakatulia, na alasiri zake zikarudi. Aliagizwa pia kwamba siku ya kupimwa damu atolewe damu kwanza, ndipo ameze dawa ya asubuhi, ili kipimo kisidanganye.

Tuje kwenye chupa ya Marekani. Dawa ya tezi ya mnyama ina historia ndefu: mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke kwa maji ya tezi ya kondoo, na mwanamke huyo akaishi miaka 28 zaidi. Vidonge vya nguruwe vya leo vina T4 takriban sehemu nne kwa moja ya T3, ilhali tezi ya mwanadamu hutoa kama 14 kwa moja. T3 yake ni nyingi mno kulinganisha na maumbile yetu, na dada aliimeza juu ya dozi kamili. Haikuwa ajabu moyo wake kwenda mbio. Homoni ikizidi kwa muda mrefu huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa wazee.

Ama hukumu yake, imamu wetu alitukumbusha aya ya 173 ya Suratul Baqara, inayoharamisha nyama ya nguruwe na kumwondolea dhambi aliyelazimika. Akasema kwamba dharura huangaliwa kwa kuwepo au kutokuwepo njia nyingine. T4 na T3 zinatengenezwa viwandani bila nguruwe, basi kwa dada yetu dharura haikuwepo. Akaongeza neno la hekima: Mwislamu ambaye tayari anatumia dawa ile asiitupe ghafla akabaki bila homoni, bali amwendee daktari wake amhamishe kwa utaratibu.

Nabakiwa na nasaha kwa dada walio katika umri wa kuzaa. Mimba huongeza mahitaji ya homoni hii tangu majuma ya mwanzo, na ubongo wa mtoto hutegemea T4 ya mama. Anayehisi amepata mimba amwone daktari mara moja, na anayetumia T3 amweleze, kwani mchanganyiko huo haupendekezwi katika ujauzito.

Na kwa waume, kaka na majirani: mwanamke akisema amechoka, tumwamini kwanza kisha tutafute sababu. Shemeji yangu alimwomba radhi mkewe pale pale nje ya chumba cha daktari, mbele yangu. Siku hizi yeye ndiye anayeamka kabla ya alfajiri, akampelekea kidonge na bilauri ya maji, kisha wakasubiriana nusu saa wakisoma Qur'ani kabla ya chai.

Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kutafuta tiba, na tiba ina adabu zake. Mwili ni amana. Dalili zikirudi usiongeze kidonge, usipunguze, wala usiazime cha mwenzio. Andika unameza nini, saa ngapi na pamoja na nini, kisha karatasi hiyo mpelekee daktari wako. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiiq.