Andalusi si ya Kuliliwa Tu

Sisi wazee wa barazani, ikitajwa Andalusi, kila mmoja hushusha pumzi. Nami nilikuwa hivyo, mpaka nilipopanda baiskeli ya matairi manene nikapita njia za changarawe za La Mancha, Hispania, toka Consuegra hadi Toledo.

Consuegra ina vinu vya upepo 12 juu ya kilima, na bondeni hulimwa zafarani. Wenyeji huiita azafrán. Sukari ni azúcar. Ni maneno yale yale ya jikoni kwetu, asili yake moja ya Kiarabu. Apitaye kwa basi hayasikii. Wa baiskeli husimama kuomba maji, akayasikia.

Toledo iliwatoka Waislamu mwaka 1085. Hata hivyo msikiti mdogo wa Bab al-Mardum ungalipo, ingawa uligeuzwa kanisa. Ukutani pana maandishi ya Kikufi yaliyopangwa kwa matofali: Ahmad bin Hadidi aliujenga kwa mali yake, akitaraji thawabu, mwaka 390 wa Hijra, takriban 999. Mimi niliyehitimu chuoni utotoni nilikodoa macho nisiweze kuyasoma. Kijana wa Kihispania, si Mwislamu, ndiye aliyenisomea. Niliona haya.

Ndugu zangu, kilio hakirudishi mji. Wenzetu wamejifunza kusoma kuta walizoachiwa. Sisi hapa Gede tuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuinama tukalisoma?