Kabla Ununue Canon M50 ya Mtumba, Uliza Swali Moja Kwanza

Tuseme umejipanga, umeweka doo polepole, na sasa unataka kamera yako ya kwanza ya kubadilisha lenzi. Si ya kazi ya harusi. Ni ya kujibamba tu: kupiga picha Kimathi Street jioni, ama kuingia Karura na kurudi na ndege wawili watatu. Ukianza kuuliza bei, kuna jina utasikia hadi uchoke: Canon M50. Ni ndogo, ina megapikseli 24, skrini inageuka ujione, na iko na mahali pa kuchomeka maiki. Muuzaji atakushow hii ndio wasee wengi wa YouTube walianza nayo, na hapo hakudanganyi.

Chenye hatakuambia ni kwamba familia ya hiyo kamera ilishazikwa.

Iko hivi. Bodi na lenzi hushikana kwa mlango fulani, wenye hizi kazi huuita maunti. Kila kampuni na wake. Canon walileta mlango wa EF-M mwaka wa 2012 kwa kamera zao ndogo zisizo na kioo ndani. M50 ikatoka 2018. Lakini mwaka huo huo wakatoa EOS R yenye mlango mpya kabisa, RF, na mwenye macho aliona mambo yanaelekea wapi. 2022 wakaleta R7 na R10, kamera za sensa ndogo lakini mlango wa RF. Kufika 2023, EF-M ikazimwa. Miaka hiyo yote walikuwa wameitengenezea lenzi nane tu. Nane!

Na si Canon pekee. Samsung waliingia na NX mwaka wa 2010, leo hawako kwa hiyo biashara. Nikon 1 ya 2011 nayo ilifungwa 2018.

Sasa mbona ikuume wewe? Juu bodi ni kama simu, baada ya miaka kadhaa unauza unachukua ingine. Lenzi ndio mali. Na lenzi ya EF-M haiwezi kuhamia RF hata na adapta. Kwa EF-M, lenzi hukaa milimita 18 kutoka kwa sensa, kwa RF ni milimita 20. Hizo mbili zinatosha kuharibu kila kitu: vitu vya mbali havifokasi tena. Hapo hata fundi mkali wa Luthuli hana la kukufanyia.

Linganisha na EF, ule mlango wa DSLR za Canon. Huo ni wa 1987, pengine umekushinda umri. Lenzi yake ya mtumba, kama ile 50mm f/1.8 kila mtu huanza nayo, inaingia M50 na adapta. Ukihamia RF siku moja, unabadilisha adapta tu, na otofokasi inafanya kazi. Kwa hivyo kama M50 unayo tayari, tulia, usiiuze kwa hasira. Bado ni kamera fiti. Hela ya lenzi ndio upeleke kwa EF. (Ile 22mm f/2 ya EF-M ningeisamehe. Ni kadogo, ni tamu, na haijawahi kuwa ya bei kali.)

Kama bado hujanunua, mimi ningeanza na Sony a6000. Ni mzee, ya 2014. Haina mahali pa maiki, skrini haiguswi, na menyu yake ni kama fomu ya HELB. Lakini mlango wake wa E ulianza 2010 na Sony wanautumia hadi leo, mpaka kwa zile kamera za bei ya ploti. Sigma na Tamron pia wanautengenezea lenzi, so mtumba utapata. Wewe ni wa video? Angalia ZV-E10 ya 2021, maiki inaingia, ila haina tundu la kuchungulia, na jua la saa saba litakufanya upige picha kwa kukisia.

Mfuko ukiruhusu kitu kipya, Canon R50 ya 2023 iko sawa. Lenzi zake zilikuwa chache, lakini tangu 2024 Sigma na Tamron wameruhusiwa kuingia.

Siku ya kukutana na muuzaji, beba memori kadi yako. Washa tochi ya simu umulike ndani ya lenzi, hasa kama imekaa Mombasa, juu ukungu hupenda ule unyevu, na ukishaota kutoa ni kazi. Uliza betri ni ngapi, M50 hupiga picha kama 235 tu kwa chaji moja. Na chaja iwe hapo mezani, si stori za "nitakutumia kesho na matatu."